Matundu ya Kutokea Maji

Mji wa Arusha umekaa chini ya Mlima Meru, upande wa kusini, na kimo cha mlima huo ni zaidi ya mita 4,500. Udongo wa miteremko yake umetokana na majivu na mawe ya volkano, nao una rutuba nyingi. Mvua ikinyesha mlimani, maji hayatuami; mengine huzama chini, mengine hutelemka mtoni. Kwa hiyo mkulima wa Meru hana haja ya kuhangaikia sana maji yaliyo chini ya mibuni na migomba yake. Lakini udongo ule ule ukitiwa katika kopo, mambo hubadilika. Maji yakiingia hayana njia ya kutoka, maana kopo liliumbwa lisivuje.

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya mizizi ni kunywa maji tu. Kumbe mizizi huvuta hewa pia. Kati ya chembe za udongo mna nafasi ndogo ndogo, na hewa hukaa humo. Nafasi hizo zikijaa maji siku nyingi, mizizi hukosa pumzi, ikawa myeusi, ikaoza na kunuka. Mzizi uliooza hauwezi kunywa hata ukiwa umezama majini. Basi majani hulegea na kugeuka manjano, kama ya mche wenye kiu. Mwenyewe akiyaona huuhurumia mche wake, akaleta maji zaidi, naye ndiye anayeumaliza. Mche wa mbuni uliolelewa miezi mingi kitaluni hupotea hivyo kwa sababu ya huruma.

Zamani miche ya kahawa na ya miti mingine iliwekwa katika vifuko vilivyokunjwa kwa maganda makavu ya mgomba. Hivyo havikuhitaji kutobolewa, kwa kuwa maji hupenya maganda yenyewe, na mche hupandwa shambani pamoja na kifuko chake, kikaozea ardhini. Siku hizi vitalu vingi hutumia viriba vya plastiki, navyo hutobolewa chini na ubavuni.

Mtu atakaye kutumia kopo au debe la mafuta ya kupikia, kwanza alioshe kwa maji ya moto na sabuni. Kopo lililotiwa dawa ya kuua wadudu wa kahawa lisitumiwe kamwe, hata likioshwa mara saba, maana sumu yaweza kuingia katika mboga. Kisha atwae nyundo na msumari wa inchi 4. Kopo fupi huwekwa juu ya udongo laini, likatobolewa kutoka ndani kwenda nje. Sababu yake ni hii: bati likitobolewa huacha ukingo uliojikunja kufuata msumari. Ukingo ukielekea ndani, husimama kama ukuta mdogo na kuyazuia maji ya mwisho; ukielekea nje, maji yote hushuka. Debe ni refu, nyundo haifanyi kazi vema ndani yake. Basi hulazwa, likatobolewa ubavuni karibu kabisa na kitako. Matundu 5 au 6 yatosha debe moja, na 3 kopo dogo. Ndoo ya plastiki hupasuka ikipigwa; yafaa itobolewe kwa msumari uliopashwa moto na kushikwa kwa koleo, mahali pa wazi, mbele ya mtu mzima, maana moshi wake ni mbaya.

Wako wasemao kwamba kutandika kokoto chini ya udongo kwatosha bila matundu. Si kweli, na sponji yaweza kuonyesha. Ilowe maji, kisha ishikwe kwa ulalo mpaka iache kudondoka. Sasa isimamishwe wima: maji hudondoka tena. Udongo nao hushika maji sehemu yake ya chini, na kokoto haziyavuti. Huisogeza tu tabaka ile ya matope karibu zaidi na mizizi. Kwa sababu iyo hiyo chombo kifupi hubaki na unyevu kuliko kirefu.

Kigae kimoja juu ya kila tundu, upande wa mbinuko, huzuia udongo usitoke. Kopo lisikalishwe ardhini, matundu yakazibwa, bali liwekwe juu ya mawe 3 kama chungu mekoni. Maji yakimiminwa na kudondoka upesi, matundu yafaa. Yakituama juu, kijiti kichomekwe toka chini katika kila tundu, kwani mara nyingi ni mzizi au jiwe moja tu lililoziba.