Breketi zenye kutu kwenye Datsun 240Z: lini usafishe, lini ukate

Msikilizaji, tulipozungumzia magari ya zamani ya mbio za Safari katika kipindi chetu, wengi mlipiga simu mkiuliza jambo moja: gari la miaka zaidi ya 50, lililojaa kutu, linaweza kweli kurudi barabarani? Muda wa hewani ulituishia kabla hatujajibu vizuri. Leo tunajibu kwa maandishi, na tumechagua sehemu ndogo ambayo wengi huipuuza, nayo ni breketi.

Breketi ni kipande cha chuma kinachoshikilia kitu kingine mahali pake. Betri inakaa juu ya breketi. Bampa, rejeta, bomba la moshi na tangi la mafuta, vyote vimeshikwa na breketi au mikanda ya chuma. Ikikatika, kile ilichokishika huanguka au huning'inia.

Gari letu la mfano ni Datsun 240Z, gari la michezo la viti viwili lililotengenezwa na Nissan ya Japani, lenye injini ya silinda sita ya lita 2.4. Wazee wetu wanalikumbuka. Mwaka 1971 lilishinda mbio za Safari likiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller. Mwaka 1973 likashinda tena, safari hiyo likiendeshwa na Shekhar Mehta akiwa na Lofty Drews. Lilihimili matope na mawe ya Afrika Mashariki, lakini adui yake mkubwa hadi leo ni kutu.

Kwa nini breketi huoza mapema

Kutu hutokea pale chuma kinapokutana na maji na hewa. Chumvi huiongezea kasi, ndiyo maana gari lililoishi pwani huoza haraka kuliko lililoishi sehemu kavu za bara.

Breketi nyingi zimeundwa kwa bati mbili zilizounganishwa kwa nukta za kuchomelea. Katikati ya bati hizo maji na tope huingia, lakini rangi haifiki. Kutu ikianza humo, huvimba, kwa sababu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Bati hutanuka na kuachana. Ukiona breketi imevimba pembeni kama andazi, jua kazi imeanza siku nyingi.

Kwenye 240Z, mahali pa kutazama kwanza ni kitako cha betri. Asidi na mvuke wa betri hula rangi, kisha hula bati, halafu hudondokea kwenye reli ya chuma iliyo chini yake. Gari hili halina chesisi ya kufunguliwa na kutolewa kama lori. Reli zake zimechomelewa kwenye bodi, na bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito. Kwa hiyo doa dogo juu linaweza kuwa shimo kubwa chini.

Pima kabla ya kuamua

Piga picha kwa simu kabla ya kufungua chochote, kila upande. Utazihitaji siku ya kurudisha. Kisha toa tope na kutu ya juu kwa brashi ya waya, ukiwa umevaa miwani ya kazi.

Chukua nyundo ndogo, gonga taratibu. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Chuma kilichooza hutoa sauti nzito, na maganda huanguka. Halafu chukua bisibisi, sukuma ncha yake kwenye sehemu unayoishuku. Ikizama au bati likibonyea, hapo hakuna cha kusafisha.

Baada ya hapo jiulize breketi hii imeshika nini. Inayoshika honi au waya inaweza kusamehewa vishimo vidogo. Inayoshika tangi, usukani, mkanda wa kiti, au zile fimbo za mbele zinazozuia tairi lisirudi nyuma, haisamehewi. Ufa mmoja au tundu moja linatosha kuikata na kuweka nyingine.

Kama ni ya kusafishwa

Ikiwa kutu ni ya juu tu na chuma bado ni kinene, fungua breketi. Nati zikigoma, usizilazimishe. Zipake mafuta ya kulainisha, ziache usiku mzima, gonga kidogo, kisha jaribu tena.

Breketi ndogo unaweza kuilaza kwenye siki ya kawaida usiku mmoja. Asubuhi isugue kwa brashi, isuuze kwa maji yenye magadi ili kuua ile asidi ya siki, kisha ikaushe juani mara moja. Ukichelewa, kutu mpya itaanza siku hiyo hiyo. Usiloweke spring wala bolti ngumu kwenye siki, kwa sababu asidi inaweza kuzifanya ziwe rahisi kukatika. Kitako cha betri nacho kioshe kwa maji ya magadi kabla ya kukigusa kwa msasa.

Tulijifunza kwa gari letu

Hapa tuna ushuhuda. Pikapu tunayotumia kwenda vijijini ilipelekwa gereji, breketi ya betri ikarudi inang'aa kwa rangi nyeusi. Tukafurahi. Wiki chache baadaye, kwenye barabara ya makorongo, breketi ilikatika, betri ikalala, na kichwa chake cha chanya kikagusa boneti. Cheche ziliruka na waya ukaanza kuungua. Dereva aliwahi kuchomoa waya wa hasi, la sivyo tungekuwa tunasimulia mengine. Tulipoikwangua ile rangi, chini yake tulikuta maganda tu.

Rangi juu ya kutu haizuii kutu. Inakuficha wewe usiione. Hali ni hiyo hiyo kwa puti: inajaza shimo, lakini haibebi uzito.

Kama ni ya kukatwa

Usitupe breketi ya zamani, hata ikiwa imeoza nusu. Hiyo ndiyo ramani yako. Pima umbali kati ya matundu, kisha ichore kwenye boksi gumu na ulikate liwe mfano. Kwa 240Z, vitako vya betri na vipande vingi vya bodi bado vinatengenezwa, lakini fundi mzuri anaweza kukunja breketi kwa bati lenye unene ule ule wa asili. Bati jembamba litachanika.

Kabla ya kuchomelea, toa betri kabisa. Tangi la mafuta lishushwe na liwekwe mbali na cheche. Hata tangi tupu ni hatari, kwa sababu mvuke wa petroli ndio unaolipuka. Usichomelee bati lenye zinki kabla ya kuondoa zinki sehemu ya kuunganisha, kwani moshi wake huumiza. Kama breketi inabeba uzito, iwekee jeki na stendi imara kabla ya kuikata.

Fundi akate hadi afike kwenye chuma kizima, kinacholia vizuri kwa nyundo. Ukichomelea breketi mpya kwenye bati lililooza, umeahirisha ajali. Bolti nazo zirudi za nguvu ile ile. Angalia namba kichwani: iliyoandikwa 8.8 ibadilishwe kwa 8.8, isiwekwe bolti laini isiyo na alama.

Rangi inakuja mwisho

Chuma kikishakuwa safi na kikavu, paka praima ya kuzuia kutu, acha ikauke, kisha rangi mikono miwili. Ndani ya breketi, mahali brashi haifiki, mimina nta au mafuta mazito ya kuzuia kutu. Matundu ya kutolea maji yaachwe wazi. Wengi huyaziba kwa rangi, na maji yakikosa njia hurudi kuanza kazi upya.

Huenda hutamiliki 240Z maishani. Lakini pikapu ya mazao, trekta na bodaboda vina breketi zile zile na kutu ile ile. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha, fungua boneti na uishike betri kwa mkono. Ikicheza, chukua nyundo na bisibisi uangalie kilicho chini yake.