Lenzi za kamera ya filamu zisitupwe

MPIGAPICHA aliyetumia kamera ya filamu kwa miaka mingi hana haja ya kuzitupa lenzi zake anaponunua kamera ya dijitali. Hata hivyo, yapo mambo matatu anayofaa kuchunguza kabla ya kutoa pesa zake.

Kwanza, je, lenzi inaingia? Kampuni ya Nikon ilianza kutumia kishikio cha lenzi cha aina ya F mnamo 1959 na kukidumisha hadi enzi ya dijitali. Hata hivyo, lenzi zake za kabla ya 1977 ambazo hazijarekebishwa zaweza kuharibu baadhi ya kamera mpya. Canon nayo ilibadilisha kishikio mwaka wa 1987, na lenzi zake za awali haziingii moja kwa moja katika kamera za EOS.

Pili, ukubwa wa kihisi mwanga. Fremu ya filamu ya kawaida ni milimita 36 kwa 24. Kamera nyingi za dijitali zina kihisi kidogo zaidi, hivyo hunasa sehemu ya katikati pekee. Lenzi ya milimita 50 huwa kama ya milimita 75. Anayepiga picha za harusi katika chumba kidogo atalazimika kurudi nyuma, na huenda ukuta ukamzuia.

Tatu, lenzi za Nikon aina ya DX, zilizoundwa kwa kihisi hicho kidogo, mara nyingi hutia weusi pembeni mwa picha zikitumiwa kwenye filamu.

Anayetaka lenzi moja kwa kamera zote mbili basi anunue inayotosha fremu nzima.