Abiria wa pikipiki

Abiria wa pikipiki ni mtu anayesafiri kwenye pikipiki bila kuiendesha, kwa kawaida akiwa amekaa nyuma ya dereva. Katika Afrika ya Mashariki abiria wengi wa namna hii husafirishwa kwa malipo kwa pikipiki ndogo ziitwazo bodaboda, ambazo kwa kawaida zina injini ya cc 100 hadi 150.

Abiria wa basi anaweza kusinzia bila kubadilisha mwendo wa basi. Abiria wa pikipiki hawezi. Uzito wake, jinsi anavyokaa na jinsi anavyoinama huathiri mizani, breki na usukani. Kwa hiyo usalama wa safari hutegemea watu wawili, si dereva peke yake.

Historia na majina

Jina bodaboda lilianzia mjini Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960. Wakati huo watu walisafirishwa kwa baisikeli kutoka upande mmoja wa mpaka hadi mwingine, na waendeshaji waliita wateja kwa kurudiarudia neno la Kiingereza lenye maana ya "mpaka". Baadaye pikipiki zilichukua nafasi ya baisikeli, hasa tangu miaka ya 2000, zilipoingia kwa wingi pikipiki za bei nafuu kutoka India na China.

Nchini Rwanda dereva wa pikipiki ya abiria huitwa motari. Nchini Tanzania kupakia abiria zaidi ya mmoja huitwa "mshikaki", kwa kuwa watu hupangwa wakibanana kama vipande vya nyama kwenye kijiti.

Uzito na mizani

Tuchukue pikipiki yenye uzito wa kilo 120 na dereva wa kilo 65. Jumla ni kilo 185. Akipanda abiria wa kilo 65, jumla inakuwa kilo 250, yaani ongezeko la asilimia 35. Mtu huyohuyo akiingia katika motokaa ya kilo 1,000, ongezeko ni asilimia 6.5 tu. Ndiyo maana dereva wa pikipiki huhisi mara moja kwamba amepakia mtu.

Tena uzito huo hauenei sawasawa. Abiria hukaa juu na karibu na gurudumu la nyuma. Matokeo yake ni haya:

- Gurudumu la mbele hupungukiwa na uzito, na usukani huwa mwepesi. Kwenye mlima mkali, dereva akiondoka kwa pupa, gurudumu la mbele linaweza kuinuka.
- Pikipiki huwa ngumu kuisawazisha ikienda polepole, kwa mfano katika foleni au wakati wa kugeuza.
- Injini, ambayo katika pikipiki hizi huwa na nguvu za farasi 8 hadi 12 hivi, huchelewa kuongeza mwendo. Kulipita gari lingine huhitaji nafasi ndefu zaidi.

Watengenezaji huzingatia jambo hili. Kitabu cha maelekezo cha pikipiki hutaja uzito wa juu unaoruhusiwa, pamoja na upepo wa tairi kwa safari ya mtu mmoja na ya watu wawili. Katika pikipiki kadhaa za daraja hili, tairi la nyuma hujazwa PSI 28 kwa dereva peke yake na PSI 32 akiwa na abiria. Shokomzoba za nyuma nazo mara nyingi zina ngazi za kurekebishwa, ili springi ikazwe mzigo unapoongezeka.

Breki na umbali wa kusimama

Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa hupita mita 11 katika kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja kuona hatari na kushika breki, tayari mita 11 zimekwisha kabla mwendo haujaanza kupungua. Kwa kilomita 60 kwa saa, umbali huo ni karibu mita 17. Zaidi ya hayo, nishati ambayo breki zinapaswa kuiondoa huongezeka kwa mraba wa mwendo: kutoka kilomita 40 hadi 60 nishati huwa mara 2.25.

Kwa nadharia, uzito peke yake haupaswi kurefusha sana umbali wa kusimama, kwa sababu chombo kizito hukandamiza tairi barabarani na kupata msuguano mkubwa zaidi. Lakini hiyo ni kweli pale tu breki zinapokuwa na nguvu ya kutosha. Pikipiki nyingi ndogo zina breki za ngoma, ambamo vipande viwili hutanuka na kusugua ndani ya kitovu cha gurudumu. Mzigo ukizidi, breki hizo hupata joto na kupungua nguvu, hasa kwenye miteremko mirefu kama ile ya barabara ya Lushoto kwenda Mombo. Katika mteremko wa namna hiyo dereva hutumia gia ndogo ili injini isaidie kupunguza mwendo, na huacha nafasi kubwa zaidi mbele yake.

Breki ikishikwa ghafla, mwili wa abiria husukumwa mbele na kumgonga dereva mgongoni, hata mikono ya dereva ikashindwa kuongoza usukani vizuri. Kushika breki mapema na polepole ni sehemu ya ustadi wa kupakia abiria.

Kupanda, kukaa na kushuka

Abiria hupanda baada ya dereva kuweka miguu yote miwili chini na kumwambia yuko tayari. Katika pikipiki nyingi ndogo bomba la moshi liko upande wa kulia, na likigusa mguu mtupu huunguza vibaya. Kwa hiyo inafaa kupanda na kushukia upande wa kushoto. Tanzania, Kenya na Uganda, ambako magari hupita kushoto, upande huo ndio wa kando ya barabara. Rwanda, Burundi na Kongo magari hupita kulia, hivyo upande wa kushoto huelekea magari, na abiria hana budi kutazama nyuma kwanza.

Akiwa safarini abiria hukaa karibu na dereva, miguu ikiwa juu ya vikanyagio vyake, mikono ikishika kiuno cha dereva au kishikio cha nyuma. Kwenye kona huinama pamoja na dereva. Akijaribu "kuirekebisha" pikipiki kwa kuegemea upande mwingine, huitoa katika njia yake.

Wanawake waliovaa gauni au kanga mara nyingi hukaa upande. Mkao huu huacha mguu bila pa kukanyaga, na nguo inaweza kunaswa na mnyororo au gurudumu. Kuvaa suruali ndani ya gauni na kukaa kwa kutanua miguu ni salama zaidi. Asiyeweza kufanya hivyo akusanye nguo yote mapajani kabla ya kuondoka.

Mtoto asiyefikia vikanyagio kwa miguu yake hawezi kujishikilia vizuri. Kumkalisha mbele ya dereva si kinga: ajali ikitokea, yeye ndiye hubanwa kati ya dereva na usukani.

Kofia ngumu

Uchambuzi wa tafiti nyingi umeonesha kuwa kofia ngumu (helmeti) hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali ya pikipiki kwa takriban asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Faida hiyo hupotea kofia ikiwa kubwa mno au mkanda wa kidevuni haukufungwa, kwa maana huruka kabla kichwa hakijagonga chini.

Abiria wengi hukataa kofia ya bodaboda kwa sababu imevaliwa na watu wengi. Kuvaa kitambaa safi au kofia nyepesi ndani yake huondoa tatizo hilo. Anayesafiri kila siku anaweza kununua yake.

Sheria

Nchini Tanzania matumizi ya barabara husimamiwa na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Kanuni za mwaka 2010 ziliweka utaratibu wa leseni kwa pikipiki na bajaji zinazobeba abiria, na tangu mwaka 2019 Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) ndiyo inayosimamia usafirishaji huo. Sheria ya Trafiki ya Kenya inataka dereva na abiria wavae kofia ngumu na jaketi lenye kuakisi mwanga, na inakataza kubeba abiria zaidi ya mmoja.

Maelewano ya dereva na abiria

Upepo na sauti ya injini hufanya mazungumzo kuwa magumu, kwa hiyo ni vema kukubaliana ishara kabla ya kuondoka, kwa mfano kugusa bega mara moja kwa "punguza mwendo" na mara mbili kwa "simama". Dereva anayelipwa kwa safari huwa na haraka ya kumfuata mteja mwingine, na abiria huona haya kumkosoa. Hata hivyo ni haki ya abiria kuomba mwendo upunguzwe, kukataa mshikaki, na kushuka mahali salama ikiwa dereva hasikii au amelewa.