Kufufua Mchezo wa Kundi

Neno "kufufua" katika sanaa za maonyesho halina budi kutumiwa kwa uangalifu. Tamthilia ni maandishi. Mchezo ni tendo la jukwaani, nalo hukoma waigizaji waondokapo. *Harakati za Ukombozi*, tamthilia iliyotungwa kwa pamoja na Amandina Lihamba, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya na kuchapishwa mwaka 1982, ingali hai kitabuni. Kikundi kidogo, tuseme cha Mwamanyili mkoani Simiyu, kikiirudisha jukwaani, kitakachofufuliwa ni mchezo, si tamthilia.

Ipo pia dhana ya mchezo ambao uzito wake hubebwa na waigizaji wote. Tunapendekeza uitwe "mchezo wa kundi". Usukumani dhana hii si ngeni: katika mashindano ya ngoma baina ya Bagalu na Bagika, ushindi ni wa kundi. "Mchezo wa watu wengi" ni istilahi inayopotosha, kwani hata mchezo wa shujaa mmoja huweza kuwa na watu wengi. Tukikosea jina, mwongozaji atatafuta nyota mmoja, na mchezo uliofufuliwa utakufa tena.