Alizeti imeoza: tusimtafute mchawi

Msimu uliopita, hapa Base ya Kamina, shamba la alizeti la mama mmoja wa kanisa letu lilioza vichwa karibu na mavuno. Shamba la jirani yake lilikuwa zima. Haikupita wiki, watu wakanong'ona kwamba jirani amemloga. Nilikwenda kutazama, na niliyoyaona hayakuhitaji mganga.

Kwanza ni magugu. Alizeti hurefuka sana, lakini ikiwa changa ni mnyonge. Wiki nne hadi sita za kwanza hukua polepole, na magugu huiwahi maji, rutuba na mwanga. Ikinyimwa wakati huo, shina huwa jembamba na kichwa kidogo, na palizi ya kuchelewa hairudishi kilichopotea. Alizeti zenyewe pia hunyang'anyana zikibanana. Ndugu zetu wa Singida na Dodoma, Tanzania, wanaolima sana zao hili, hushauriwa kuacha sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya shimo na shimo, kisha kupunguza ubaki mche mmoja.

Pili ni magonjwa ya ukungu. Majani yakikaa na maji kwa saa nyingi, madoa meusi na kutu huyashika, na jani lililokufa halitengenezi chakula cha kujaza mbegu. Ugonjwa mwingine, sklerotinia, huleta utando mweupe kama pamba. Shina au kichwa huoza, na ndani hubaki punje ngumu nyeusi zinazoweza kukaa udongoni miaka kadhaa.

Adui hawa husaidiana. Magugu huzuia upepo, shamba halikauki, ukungu hustawi. Mama yule alichelewa kupalilia kwa sababu alikuwa akiuguza mtoto. Tena alipanda pale alipovuna maharage, ambayo nayo hushikwa na sklerotinia. Jirani yake alipanda palipokuwa na mahindi, ambayo hayashikwi.

Basi tufanye hivi. Tupande mbegu safi, na tupalilie kuanzia wiki ya pili au ya tatu. Alizeti huchukua miezi mitatu hadi minne, na mvua zetu huanza Oktoba na kupungua Aprili. Tukipanda mwezi wa kwanza, vichwa vitakauka mvua ikiwa inaondoka. Vilivyooza tuvitoe shambani na kuvichoma. Mahali hapo tusirudishe alizeti, maharage wala soya kwa miaka mitatu au zaidi. Tupande mahindi au mtama.

Msimu huu vijana wamekubali kumpalilia mama yule mapema. Lakini jirani aliyesingiziwa bado hajarudi ibadani. Magugu ya shamba tunayang'oa kwa jembe. Neno tulilolipanda juu yake halitang'oka mpaka tumwendee nyumbani kwake, tuketi, na tumwombe msamaha.