Fizibo imeungua: tuweke ya namba gani?

Wandugu wanakoperative, kila tunapopita kwenye mashini za kusaga za Butembo na Beni tunaulizwa swali moja: fizibo imeungua, watu wako kwenye mustari na mahindi yao, tufanye nini? Wengi wanafunga kipande cha waya ya shaba mahali pa fizibo, mashini inarudia kazi, basi.

Hata sisi tulishakosea. Kwenye depo moja upande wa Beni, fizibo ya ampere 16 iliungua mara mbili asubuhi moja. Hatukuwa na ingine, tukaweka ya 32. Mashini ikasaga vizuri, tukafurahi. Mbele ya jioni zamu akasikia harufu: plastiki ya waya ilikuwa imeyeyuka nyuma ya magunia. Bado kidogo mavuno ya watu yaungue yote.

Fizibo inalinda kwanza waya. Ndani yake kuna kauzi kembamba kalikopimwa ili kakatike mbele ya waya kupata moto. Uzi wa shaba wenye unene wa milimita 1 unangoja karibu ampere 80 ndipo ukatike. Waya ya ukutani haiwezi kuvumilia hiyo. Kwa waya ya 1.5 mm² tusipite fizibo ya ampere 10, kwa ile ya 2.5 mm² tusipite 16.

Kama namba ya fizibo ya zamani haisomeki, tuhesabu: wati tunagawanya kwa volti. Pompi ya wati 120 kwenye batri ya volti 12 inakula ampere 10. Tunaongeza robo, inakuwa 12.5, tunachukua ya 15 kama waya inaiweza. Lakini wati zile zile 120 kwenye volti 220 hazifike hata ampere 1! Kwa hiyo fizibo ya soleri na ya grupu haziazimane. Zile za rangi za motokari (bluu ni 15, njano ni 20) nyingi zimetengenezwa kwa volti 32, zisiingie kamwe kwenye kofre ya 220. Kwa batri tutafute yenye alama DC, na tuiweke karibu kabisa na upande wa +.

Sasa moteri. Ikianza kuzunguka inavuta kuran mara tano mpaka saba ya kawaida, kwa muda mfupi. Ndiyo sababu fizibo ya kawaida, iliyoandikwa gG, inaweza kuungua bila ubaya wowote. Kwenye kenkayeri tuombe iliyoandikwa aM, ya moteri. Lakini aM inakata tu waya zikigusana. Haizuie moteri kuchoka, ni lazima iwe pamoja na rele ya joto. Fizibo ndogo za kioo ziko na herufi pia: T inavumilia kidogo, F inakata haraka.

Kwa moteri ya fazi tatu, tuangalie sana. Fizibo moja ikiungua, moteri inabaki na fazi mbili: inavuma, inapata moto, na bobini zinaungua. Ukisikia mvumo ule, zima palepale. Tena badilisha fizibo zote tatu, maana mbili zilizobaki zimeshateswa.

Na ile mpya ikiungua palepale? Usiweke ya tatu. Angalia kama jiwe limeingia kwenye mulini, kama mukaba umekazwa kupita kiasi, kama panya wametafuna waya. Kioo kikiwa cheusi, mara nyingi waya zimegusana. Uzi ukiwa umeyeyuka tu katikati, mzigo ulizidi. Kama hamuoni kitu, muite elektrisie.

Mbele ya kufungua kofre, tuzime grupu ao tukate kuran kwa kisu kikubwa, na mmoja asimame pale asije mtu akawasha. Namba za fizibo tuziandike kwa rangi ndani ya mlango wa kofre: ampere, volti na herufi. Za akiba, tatu za kila aina, zikae kwa mutunza-sanduku pamoja na kitabu cha mashini, si kwenye mfuko wa fundi ambaye kesho yuko Lubero.