Kwa Nini Ankara za Soko Zilibeba Namba ya Kizimba Isiyo Sahihi

Mfanyabiashara wa nyanya alifika ofisi ya soko akiwa na stakabadhi mkononi. Alikuwa amelipa pango lote la kizimba namba 41, lakini katika orodha ya msimamizi kizimba hicho kilisomeka kuwa kinadaiwa, na notisi ya kukifunga ilikwisha kubandikwa. Stakabadhi ilionyesha jina sahihi, tarehe sahihi na kiasi sahihi cha fedha. Namba ya kizimba, hata hivyo, iliandikwa 14, ambayo ni namba yake yeye mwenyewe katika rejesta ya wafanyabiashara. Aliyepanga kizimba namba 14 alionekana amelipa kabla hajatoa hata senti.

Taarifa za soko huhifadhiwa katika kanzidata, kwenye majedwali mawili. Jedwali la vizimba lina safu za namba, pango na mpangaji. Jedwali la wafanyabiashara lina namba, jina na simu. Chanzo cha tatizo ni hapo: majedwali yote mawili yana safu iitwayo "namba", bila kueleza ni namba ya nini.

Ili kuchapisha ankara, mfumo hutuma ulizo, yaani amri inayoitaka kanzidata iunganishe majedwali hayo na kutoa taarifa. Aliyeandika ulizo alitumia alama ya nyota, ambayo maana yake ni kuleta safu zote. Kanzidata ilitii, ikaleta safu mbili zenye jina moja bila kulalamika. Programu ya kuchapisha huzitambua taarifa kwa majina ya safu, hivyo haikuweza kushika mbili zenye jina lile lile; iliyokuja nyuma ikaifuta iliyotangulia. Kwa kuwa jedwali la wafanyabiashara liliunganishwa la pili, namba ya mtu ikakaa mahali pa namba ya kizimba. Pango halikuguswa, kwa sababu safu hiyo imo katika jedwali moja tu. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka mapema: hesabu ya fedha ilikuwa sawa.

Wataalamu wa TEHAMA walipojaribu kulihifadhi ulizo hilo katika MySQL kama mwonekano, yaani ulizo lililohifadhiwa linalosomwa kama jedwali, mfumo ulikataa kwa kosa namba 1060: jina la safu limejirudia. Walipoomba safu ya "namba" peke yake, likatokea kosa namba 1052: haieleweki safu hiyo ni ya jedwali lipi. Makosa ya namna hii huudhi, hasa taarifa inaposubiriwa, lakini afadhali mfumo unaokataa kuliko unaonyamaza.

Kwa watumishi wenzetu wanaoandaa taarifa za idara, tiba ni kuacha nyota na kuitaja kila safu pamoja na jedwali lake, kisha kuipa jina linalojieleza: vizimba.namba AS namba_ya_kizimba, na wafanyabiashara.namba AS namba_ya_mfanyabiashara. Majina kama namba1 na namba2 huliondoa kosa, lakini baada ya mwaka hakuna atakayekumbuka ipi ni ipi. Neno DISTINCT halisaidii, kwani huondoa mistari iliyojirudia, si safu. Hatari zaidi ni NATURAL JOIN, inayounganisha majedwali kwa kila safu yenye jina linalofanana. Hapa ingemkabidhi mfanyabiashara namba 14 kizimba namba 14, awe amekipanga au hakukipanga, na kosa lisingeonekana tena popote.

Ulizo limesahihishwa na notisi imeondolewa. Kila mpangaji anaombwa alinganishe namba iliyo kwenye ankara yake na ile iliyoandikwa kwa rangi kwenye kizimba. Zikitofautiana, alete stakabadhi ofisi ya soko. Malipo aliyokwisha kufanya yatahamishiwa kwenye kizimba chake, wala hatatozwa mara ya pili.